Léopold wa Pili na daftari iliyofichwa

Jina la Léopold wa Pili tunalijua tangu masomo ya msingi. Tunajua habari ya mupira, ya fimbo na ya mikono iliyokatwa. Ile yote ni kweli, na hatutaisahau. Lakini leo sisi watu wa sendika tunataka tuelezane upande mwingine wa maisha yake: ule wa hesabu. Maana huyu mufalme alivutana miaka mingi na Bunge la inchi yake juu ya jambo moja. Bunge likisha kukubali feza itoke, nani anafuata namna inatumiwa?

Alizaliwa Bruxelles tarehe 9/4/1835, na akakaa kwenye kiti cha ufalme tarehe 17/12/1865. Kule kwao mufalme hakuwa na mukono mrefu kwenye sanduku la serkali. Katiba ya Ubelgiji ya 1831 ilisema kila mwaka Bunge linapiga kura mbili: moja ya bajeti, ni kusema feza itakayotumiwa, na ingine ya hesabu, ni kusema feza iliyokwisha kutumiwa. Léopold hakupenda kufungwa vile. Alitaka koloni, wabunge hawakutaka kuilipia. Basi akaitafuta yeye mwenyewe.

Mukutano wa Berlin ulipoisha, mwaka 1885, akawa mwenye Congo. Bunge la Ubelgiji lilimuruhusu awe mukubwa wa inchi mbili, lakini Congo iwe mambo yake peke yake. Huku kwetu hakukuwa bunge. Yeye njo alitunga sheria, yeye njo alipanga bajeti, yeye njo alitumia. Na hata siku moja miguu yake haikukanyaga udongo wa Congo.

Miaka mitano tu, mali aliyoachiwa na baba yake ikaanza kwisha. Mwaka 1890 akarudi kwa wabunge kuomba. Wakamukopesha faranga milioni 25 bila riba: milioni 5 palepale, na milioni 2 kila mwaka kwa miaka kumi. Lakini waliweka masharti. Asikope mahali pengine bila ruhusa ya Ubelgiji. Na miaka kumi ikitimia, Ubelgiji unaweza kuichukua Congo.

Kwa karatasi, ule mukataba ulikuwa muzuri. Lakini kazi iliendelea bila kuuliza mutu. Tarehe 20/12/1891, pale Bunkeya, hapa kwetu katika teritware ya Lubudi, watu wa Kapiteni Stairs walimuua Mwami Msiri kwa risasi. Walitumwa na Kompanyi ya Katanga, na bendera waliyosimamisha ilikuwa ya Léopold. Juu ya ile vita, hakuna mbunge aliyepiga kura.

Mwaka uliofuata, 1892, mufalme akavunja sharti lenyewe. Akakopa milioni 5 kwa siri kwa bwana Browne de Tiège, mutu wa banki wa Anvers, na kama rehani akatoa hekta milioni 16 za udongo wa Congo. Udongo wa watu wengine! Siri ilitoka mwaka 1895, siku za kulipa zilipofika na mufuko ukiwa mutupu. Wabunge walikasirika, walisema sana. Halafu walifanya nini? Walilipa. Walimukopesha tena karibu milioni 7.

Tukae kidogo hapa, ndugu. Bunge lilikuwa na haki ya kukataa, lilikuwa na mukataba wenye kusainiwa. Kitu lilichokosa ni macho ndani ya daftari wakati feza inatembea. Mwenye kuangalia nyuma, wakati sanduku limekwisha kuwa tupu, hana tena cha kuchagua. Iko sawa na mutu anayefika kwenye duka kisha mwizi kuondoka.

Kutoka 1896 Léopold akajikatia sehemu yake ya pekee, upande wa ziwa Mai-Ndombe, inchi kubwa kuliko Ubelgiji mara nyingi. Mupira wa pale haukuingia katika bajeti ya serkali, uliingia kwake. Ile feza ikajenga Bulaya. Upinde mukubwa wa mawe wa Cinquantenaire kule Bruxelles, ulioisha mwaka 1905, mbele ya watu ilisemwa matajiri fulani njo wanaulipia. Kumbe nyuma feza ilikuwa ya Congo. Juu ya Congo yenyewe, serkali yake ilichapisha bajeti tu, ni kusema makadirio. Hesabu za kweli, zilizoingia na zilizotoka, hazikuonekana. Wazee walituambia mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa Léopold daftari ilikuwako, lakini ilifungiwa.

Mwaka 1901 ile miaka kumi ilitimia. Beernaert, aliyekuwa mukubwa wa serkali wakati wa mukopo, akaomba Ubelgiji uichukue Congo. Mufalme akakataa kwa nguvu, wabunge wakarudi nyuma, na malipo ya deni yakaahirishwa.

Ikabidi watu wengine wafanye kazi ya kuhesabu. Mwaka 1906 mwalimu mukubwa wa sheria, Félicien Cattier, alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba ile sehemu ya mufalme ilimupatia karibu faranga milioni 70 kwa miaka kumi. Émile Vandervelde, mbunge wa chama cha wafanyakazi, alipeleka maneno ndani ya Bunge na hakunyamaza. Mwaka huohuo, tarehe 28/10/1906, Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa, ile iliyokuja kuwa Gécamines yetu.

Mwisho wake, tarehe 20/8/1908, wabunge 83 juu ya 54 walikubali kuichukua Congo. Mufalme aliomba sehemu yake ibaki, wakaikataa. Lakini walimupa zawadi ya milioni 50 kama shukrani, ikalipwe na koloni, pamoja na milioni 45 na nusu za kumaliza majengo ya Ubelgiji na madeni ya milioni 110 hivi. Na kabla ya kutoa funguo, Léopold alichoma karatasi za serkali yake siku nane. Alikufa tarehe 17/12/1909, miaka 44 kamili tangu aanze kutawala. Jeneza lake lilipopita, watu wa Bruxelles walilizomea.

Kutoka 1908 bajeti ya Congo ilipigiwa kura kila mwaka na Bunge la Ubelgiji. Ilikuwa hatua. Lakini mchimba shaba hakuwa na mutu wake pale ndani mpaka 1960.

Leo tuko na watu wetu. Katiba inasema Kurti ya Hesabu ilete kila mwaka hesabu za inchi mbele ya Bunge. Provense nayo inapiga kura ya bajeti, na inapashwa kupiga kura ya namna ilivyotumiwa. Sheria ya mine ya 2018 inagawa redevansi: asilimia 50 Kinshasa, 25 provense, 15 sekta, shefri ao muji wa mahali, 10 mufuko wa vizazi vijavyo. Ile 15 ni maji, ni daraja, ni masomo ya watoto wetu.

Kwa hiyo mbunge akija kuomba kura yetu, tusimuulize tu alikubali bajeti ya ngapi. Tumuulize hesabu ya mwaka uliopita aliisoma siku gani, na aliona nini ndani. Sisi wenyewe katika sendika, mwenye kutunza makuta anasimama mbele ya mukutano na daftari wazi. Kitu tunachomulazimisha ndugu yetu wa kambi, mukubwa wa serkali hawezi kukiona kuwa matusi.