Umar bin Abdul-Aziz, Khalifa Aliyehesabu Kuni

Ndugu zangu, anayetaka kujua thamani ya shilingi mia aende Kikuubo. Katika uchochoro ule karibu na kituo cha zamani cha teksi, wenye maduka ya jumla hawaidharau mia moja kwenye mche wa sabuni, kwa kuwa wanauza katoni kwa katoni. Wanaoidharau ni sisi wanafunzi. Tunanunua kimoja kimoja karibu na hosteli, na muhula haujafika katikati tumeshaanza kukopa kwenye simu, mikopo ambayo sote tunajua ina riba. Ndiyo maana safari hii nimemchagua mtu aliyeshika hazina ya dola nzima, naye akahesabu hata kuni.

Umar bin Abdul-Aziz, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa katika ukoo wa Bani Umayya mwaka 61 Hijria, na wengine husema 63. Mama yake, Ummu Asim, alikuwa mjukuu wa Umar bin al-Khattab r.a. Alisoma Madina kwa wanazuoni wakubwa, lakini dhiki hakuijua. Alipokuwa gavana wa mji huo kuanzia mwaka 87, watu walitambua njia aliyopita kwa harufu ya manukato yake. Nguo za mamia ya dirhamu aliziona bado zinakwaruza. Hapa tusipite haraka: huyu hakubana matumizi kwa kukosa. Alikuwa nacho, akabadili mazoea.

Mwaka 99 Hijria, yaani 717, akawa Khalifa kabla hajatimiza miaka 40. Aliletewa farasi wa msafara wa kifalme, akaamuru wauzwe na fedha ziingie Baitul Mal, naye akapanda nyumbu wake wa siku zote. Mkewe Fatima, binti wa Khalifa Abdul-Malik, alikubali vito alivyopewa na baba yake virudishwe hazina. Hayo ni makubwa, na si kila mtu ana farasi wa kuuza.

Kisa cha taa tumekisikia kwenye khutba nyingi: ya umma aliizima mazungumzo yalipogeukia mambo yake binafsi, ikawashwa yake. Mimi nakipenda zaidi kisa cha karatasi. Gavana wake wa Madina, Abu Bakr bin Hazm, aliomba aongezewe karatasi za kuandikia na mishumaa ya kumwangazia njia usiku. Zama hizo karatasi zilitengenezwa kwa mafunjo ya Misri, na hazikuwa rahisi. Umar alimjibu achonge kalamu yake iwe nyembamba, abane mistari, na akusanye mambo mengi katika ukurasa mmoja. Kuhusu mishumaa, alimkumbusha kwamba zamani alikuwa akitoka usiku wa giza bila taa, na wakati ule hali yake ilikuwa njema kuliko sasa.

Asidhani mtu kuwa huo ni ubahili. Ni Abu Bakr bin Hazm huyohuyo aliyeagizwa na Umar aandike hadithi za Mtume s.a.w., akihofia elimu kupotea kwa kufa wanazuoni. Kwa kazi hiyo karatasi haikuwa na choyo.

Kisha kuna hizo kuni. Mtumishi wake alikuwa akimpashia maji ya udhu kwenye jiko la umma, palipopikwa chakula cha Waislamu. Umar alipogundua, jambo limeshaendelea kwa muda wa mwezi mzima. Alikadiria kuni za siku zote hizo akazilipa. Birika moja la maji, lakini kila siku, kwa siku 30!

Na fedha zilikwenda wapi? Yahya bin Said alisimulia kwamba alitumwa kukusanya zaka Ifriqiya, akatafuta masikini wa kumpa asimpate, akanunua watumwa akawaacha huru.

Umar alifariki Dayr Sam'an, Shamu, mwezi wa Rajab mwaka 101, yaani 720, baada ya kutawala miaka miwili na miezi kadhaa. Inasimuliwa kwamba aliacha dinari 17. Tano zilinunua sanda, mbili zikalipia mahali pa kaburi, na zilizobaki waligawana wanawe 11.