Ibn al-Haytham na Mistari Iliyopinda

Mtu wa pwani akipanda hadi Kericho, jambo la kwanza limshangazalo ni mistari ya chai. Haikunyooka, bali imepinda pamoja na vilima hata kuteremkia Bomet. La pili ni upindi wa mvua. Mvua za huko aghalabu hunyesha baada ya adhuhuri, na jua likishaelekea magharibi, upindi husimama mashariki, juu ya chai. Mwenye kuchunga nyakati za sala ataujua wakati wake: hauonekani angani mpaka kivuli cha mtu kizidi kidogo urefu wake, yaani yapata alasiri.

Tumeanzia huko kwa kuwa vijana wetu wameambiwa kwamba kupima mistari na maduara ni elimu ya Wazungu, na mwenye kushughulika nayo ameipa dini kisogo. Neno hili si kweli, nalo limetudhuru.

Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa yapata mwaka 354 wa Hijra (965) katika Basra, mji ambao wazee wetu waliujua kwa majahazi ya tende. Wanahistoria wasimulia kwamba alidai aweza kuyatawala maji ya Nili, na al-Hakim, mtawala wa Misri, akamwita. Alisafiri hadi kusini ya Aswan. Njiani aliyaona majengo ya watu wa kale, akatambua kwamba lau jambo lile lingewezekana, mabingwa wale wangelikwisha kulifanya. Akarudi akakiri kushindwa. Kisha, kwa kuihofia hasira ya mtawala, akajifanya mwenda wazimu, akafungiwa nyumbani mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 411 (1021). Hila hiyo hatuisifu; lakini ni wangapi kwetu wakirio kushindwa?

Baadaye alikaa karibu na msikiti wa Azhar, akila kwa kazi ya mkono wake: kunakili vitabu vya hesabu na kuviuza. Alifariki Kairo yapata mwaka 430 (1039).

Elimu yake ya mistari ilikuwa hivi. Chukua umbo la pia, uikate sambamba na ubavu wake: ukingo wa mkato ni mstari uitwao parabola. Katika risala yake juu ya vioo viunguzavyo alithibitisha kwamba kioo chenye umbo hilo, kikielekezwa juani, huikusanya miale yote mahali pamoja. Madishi ya televisheni yaliyo juu ya mapaa yetu yafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Tena, katika Kitab al-Manazir, aliuliza: kioo kikiwa cha duara, nuru itokayo kwenye kitu hugonga wapi hata ilifikie jicho? Alipata jibu kwa kukutanisha duara na mstari mwingine wa pia, haipabola.

Kitabu hicho kilipigwa chapa kwa Kilatini huko Basel mwaka 1572. Sehemu zake tatu za kwanza, kwa Kiarabu chake mwenyewe, zilitolewa Kuwait mwaka 1983. Msomaji na ahesabu miaka iliyo baina yake.

Katika upindi wa mvua, hata hivyo, alikosea: alidhani wingu lairudisha nuru kama kioo kilichobonyea. Karibu karne tatu baadaye, Kamal al-Din al-Farisi alilijaza maji tufe la kioo mfano wa tone la mvua, akaichungua nuru katika chumba cha giza. Aliiona ikipinda kwa kuingia, ikirudishwa kwa ndani, na kupinda tena kwa kutoka. Leo twajua kwamba matone yatuletayo wekundu ni yale yaliyo kwenye pembe ya digrii 42 hivi kutoka mstari utokao juani ukapita kichwani mwetu. Yote hayo ni duara moja, na ardhi ndiyo iukatayo upande wa chini.

Masahihisho hayo al-Farisi aliyaandika ndani ya sherehe yake juu ya Kitab al-Manazir, kitabu cha Ibn al-Haytham mwenyewe.