Amy Johnson: Rubani aliyeijua ndege yake hadi parafujo ya mwisho

MVUA kubwa ilikuwa ikinyesha nchini Burma katikati ya Mei 1930 pale ndege ndogo ya rangi ya kijani ilipochomoza kutoka mawinguni na kuanza kutafuta mahali pa kutua. Rubani wake alinuia kufika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Rangoon. Alichokiona chini ni uwanja wa michezo wa chuo cha ufundi kilichokuwa Insein, nje kidogo ya mji huo, naye akadhani amewasili. Uwanja ulikuwa mfupi. Ndege iligusa ardhi, ikapita mwisho wa uwanja na kutumbukia mtaroni.

Aliyeshuka kutoka kwenye kiti cha rubani alikuwa mwanamke wa umri wa miaka 26, Amy Johnson, mzaliwa wa mji wa bandari wa Hull, Uingereza. Rafadha ya ndege ilikuwa imevunjika, bawa limeraruka na miguu ya magurudumu imeharibika. Alikuwa ameondoka uwanja wa Croydon, London, mnamo Mei 5, akiwa peke yake, kuelekea Australia. Alipofika Karachi siku ya sita alikuwa ametangulia kwa siku mbili mwendo wa Bert Hinkler, ambaye mwaka wa 1928 alisafiri njia hiyo kwa siku 15 na nusu.

Sasa matumaini ya kuivunja rekodi hiyo yalikuwa yamelala mtaroni pamoja na ndege. Swali lililobaki lilikuwa moja tu: je, chombo kile cha mbao na kitambaa kingeweza kuruka tena? Jibu lake lilikuwa limeanza kuandaliwa zaidi ya mwaka mmoja awali, katika karakana moja viungani mwa London.

Karakana ya Stag Lane

Amy alizaliwa Julai 1, 1903, katika familia ya wafanyabiashara wa samaki. Alisomea uchumi katika Chuo Kikuu cha Sheffield, kisha akaenda London na kuajiriwa kama karani katika ofisi ya mawakili. Mwaka wa 1928 alijiunga na klabu ya urubani iliyokuwa katika uwanja wa Stag Lane, na mshahara wake mdogo ukaanza kuishia huko.

Hakuwa mwanafunzi mwepesi. Ilimchukua takriban saa 16 za mafunzo kabla ya kuruhusiwa kurusha ndege peke yake, muda mrefu kuliko waliohitaji wengi wa wenzake. Alipata leseni ya urubani Julai 1929.

Wanachama wengi wa klabu walikuwa watu wa pesa. Kwao ndege ilikuwa kitu cha kupandwa ikiwa tayari na kuachiwa mafundi baada ya kutua. Amy alitaka mengine. Alikuwa akifika karakanani alfajiri kabla ya kwenda kazini, akavaa ovaroli na kujifunza kwa fundi mkuu, Jack Humphreys. Alifungua injini, akasafisha plagi, akapima vali na kuunganisha upya vipuri alivyovitenganisha kwa mikono yake. Mafundi, ambao hawakuzoea kumwona mwanamke kati yao, walimzoea na kumpa jina la utani la kiume, Johnnie.

Desemba 1929 alipewa leseni ya ufundi wa ndege iliyomruhusu kukagua injini na kuidhinisha kuwa iko tayari kuruka. Alikuwa mwanamke wa kwanza nchini Uingereza kuipata. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Amy alikuwa ameinama chini ya injini kwa miezi mingi.

Ndege iliyotumika

Kilichokosekana ni ndege. Aliandika barua nyingi kuomba ufadhili na nyingi hazikuzaa matunda, kwani safari ndefu kupita zote alizokuwa amefanya ilikuwa ya kutoka London hadi kwao Hull. Hatimaye Lord Wakefield, tajiri wa biashara ya mafuta ya injini, alikubali kushirikiana na babake Amy. Kwa pauni 600 walimnunulia ndege iliyokwisha kutumika aina ya Gipsy Moth, iliyoundwa mwaka wa 1928. Aliipa jina Jason, ambalo lilikuwa nembo ya biashara ya samaki ya familia yao.

Aina hiyo ya ndege haikuwa ngeni hapa kwetu. Kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka wa 1929, ilianza kazi kwa ndege ya Gipsy Moth. Denys Finch Hatton naye alikuwa akirusha Gipsy Moth yake mwenyewe ilipoanguka na kumuua huko Voi mnamo Mei 1931. Ilikuwa ndege ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, yenye mifupa ya mbao iliyovishwa kitambaa na kupakwa rangi maalumu ya kukikaza. Injini yake ilikuwa na silinda nne zilizopozwa kwa hewa na nguvu zipatazo farasi 100. Haikuwa na redio, na rubani aliketi wazi kwenye upepo.

Ndege ya kawaida ya aina hiyo isingeweza kufika Australia kwa mafuta iliyobeba. Mwenyewe wa awali, aliyekuwa rubani wa mashindano, alikuwa amekwisha kuiongezea matangi kwa ajili ya safari ndefu. Mafuta ya matangi hayo yalipandishwa kwa pampu ya mkono hadi kwenye tangi la bawa la juu, ambako yalitiririka yenyewe hadi injini. Kwa hiyo Amy alishika usukani kwa mkono mmoja na kupiga pampu kwa mwingine, huku harufu ya petroli ikimtia kichefuchefu. Kando ya ndege alifunga kwa kamba rafadha ya akiba. Bila shaka wako waliouona mzigo ule kuwa kichekesho.

Usiku wa spana

Watu hukumbuka zaidi saa alizokaa angani. Hata hivyo, safari ile iliamuliwa pia na saa alizokaa chini. Kila jioni, baada ya kuruka mchana kutwa, kazi ya pili ilianza. Ilibidi mafuta ya injini yabadilishwe, plagi zitolewe masizi na vali zikaguliwe. Petroli ilichujwa kupitia ngozi laini, ambayo hupitisha mafuta na kuzuia maji na uchafu. Tone la maji likiingia katika kabureta laweza kuizima injini mahali pasipo na pa kutua. Kazi hiyo ilimla saa kadhaa, akabakiwa na saa chache za usingizi kabla ya kuruka tena alfajiri.

Karibu na Baghdad dhoruba ya mchanga ilimlazimisha kutua jangwani. Aliifunika injini ili mchanga usiingie, akakaa kuilinda ndege hadi upepo ulipotulia. Huko India mafuta yalimwishia, akatua katika uwanja wa gwaride wa wanajeshi mjini Jhansi na kuharibu bawa, likarekebishwa hapo hapo.

Kisha ikaja Insein. Mlango wa chuo cha ufundi ulikuwa karibu, na walimu kwa wanafunzi walijitokeza kusaidia. Mbao za bawa zilizovunjika ziliundwa upya. Kitambaa kilipatikana kwa njia isiyotarajiwa: baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, akiba ya kitambaa cha ndege ilikuwa imeshonwa mashati, na sasa mashati hayo yalifumuliwa yakarudi kuwa bawa. Rafadha ya akiba, ule mzigo uliofungwa kwa kamba, ikachukua nafasi ya iliyovunjika. Zaidi ya siku mbili zilipotea, na pamoja nazo rekodi ya Hinkler. Lakini Jason iliruka.

Katika kisiwa cha Java alitua kwenye shamba la miwa huko Tjomal, na vigingi vya mianzi vikatoboa mabawa. Matundu yalizibwa kwa plasta za kufungia vidonda. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na Amy alikuwa akiziba kila ufa kwa kilichopatikana mkononi. Mbele yake kulikuwa na bahari ya Timor, yapata kilomita 800 za maji matupu.

Mnamo Mei 24, 1930, alitua Darwin. Alikuwa amesafiri takriban kilomita 17,700 kwa siku 19 na nusu, mwanamke wa kwanza kuruka peke yake kutoka Uingereza hadi Australia. Rekodi ya Hinkler ilibaki salama, lakini dunia haikujali. Alitunukiwa nishani ya CBE na gazeti moja la London likampa pauni 10,000.

Siku chache baadaye, akiwa amechoka na kuzungukwa na halaiki ya mashabiki, alipitiliza uwanja alipokuwa akitua Brisbane na kuivunja Jason. Mabara mawili hayakuweza kuiangusha kabisa, sherehe ziliiweza. Ilikarabatiwa baadaye na hadi leo imehifadhiwa katika Makavazi ya Sayansi jijini London.

Mafuta yasiyofaa

Miaka iliyofuata ilikuwa ya safari nyingine. Mwaka wa 1931 aliruka na mwalimu wake Humphreys hadi Tokyo. Mwaka wa 1932 aliolewa na rubani Jim Mollison, na kabla ya mwaka kuisha akavunja rekodi ya mumewe ya kwenda Cape Town.

Katika mashindano ya mwaka wa 1934 ya kutoka Uingereza hadi Melbourne, wanandoa hao waliongoza hadi India. Huko walipotea njia na kutua mahali pasipokuwa na petroli ya ndege. Walijaza iliyopatikana, injini za ndege yao ya kisasa zikaharibika, nao wakajiondoa mashindanoni Allahabad. Aliyechuja petroli kila jioni mwaka wa 1930 alijua vyema kosa hilo lilimaanisha nini. Kati ya 1935 na 1937 aliongoza chama cha wahandisi wanawake nchini Uingereza. Ndoa yake ilivunjika mwaka wa 1938.

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka alijiunga na kikosi cha raia kilichopeleka ndege kwa wanajeshi. Ndege hizo hazikuwa zake. Leo alipewa hii, kesho ile, bila nafasi ya kuzizoea. Januari 5, 1941, akipeleka ndege aina ya Airspeed Oxford kusini mwa Uingereza katika hali mbaya ya anga, alipotea njia na kujirusha kwa mwavuli kwenye maji baridi ya mlango wa mto Thames. Manowari moja ilijaribu kumwokoa. Nahodha wake, Walter Fletcher, alijitosa majini, naye akafariki. Mwili wa Amy haukupatikana, na kilichosababisha mkasa huo kingali kinajadiliwa. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Anayemiliki ndege ndogo leo, iwe Wilson au kwingineko, ana redio, ramani za setilaiti na mafundi wenye vyeti. Lakini maji yangali hushuka chini ya tangi la petroli na plagi zingali hushika masizi. Kabla ya kila safari bado kuna mtu anayepaswa kuinama na kutazama.