Jenerali China na Bunduki za Msituni

Ukisimama hapa Kutus asubuhi mbingu ikiwa safi, wauona Mlima Kenya. Huko ndiko Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, alikoongoza Mau Mau. Alizaliwa 1922 Mukurweini, Nyeri. Katika Vita Vikuu vya Pili alikuwa askari wa KAR kule Burma, ambako jeshi lilitumia Lee-Enfield, bunduki ya risasi 10. Msituni mambo yalikuwa mengine kabisa! Bunduki nyingi zilikuwa bomba la maji, komeo la mlango na mpira. Pengine zililipuka mikononi mwa mwenyewe. Basi aliyeijua nzuri akaongoza vijana wenye mbovu. Alikamatwa Januari 1954, akahukumiwa kifo, lakini akaponea kitanzi. Alifariki 1993. Wenzangu, tusimsahau.