Kijuma wa Lamu: Mkono uliozihifadhi tenzi kwa wino

MWANAFUNZI wa Meru au Embu anayesoma kisa cha Fumo Liyongo, shujaa aliyechomwa kitovuni na mwanawe kwa sindano ya shaba, hukisoma kwa herufi za Kilatini. Ni nadra kuambiwa kwamba utenzi mashuhuri wa kisa hicho uliandikwa mwaka 1913 kwa herufi za Kiarabu na mzee wa Lamu ambaye mwandiko wake ulikuwa sanaa. Mzee huyo ni Muhamadi bin Abubakari Kijuma.

Kijuma alizaliwa Lamu karibu mwaka 1855. Kama watoto wengine wa mji huo, alianzia chuoni kwa kujifunza Kurani. Hata hivyo, kipaji chake hakikuishia hapo. Alichonga milango, alitunga mashairi na alipenda mno ngoma na muziki, jambo ambalo halikuwapendeza baadhi ya washika dini.

Sifa yake kubwa ilitokana na kalamu. Kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu si kazi nyepesi. Kiarabu hakina herufi za sauti p, ch, g na v, wala alama za kutenganisha e na i, au o na u. Kwa hiyo mnakili asiyeufahamu utenzi angeweza kuuharibu. Kijuma alizifahamu tenzi kwa kuwa naye alikuwa mtunzi. Alipanga vipande vya ubeti kwa usawa na kuzipamba kurasa kwa nakshi za rangi, kwa jicho lilelile la mchonga milango. Miongoni mwa kazi alizonakili ni Utendi wa Mwana Kupona na Al-Inkishafi.

Uchina nako mwandiko huheshimiwa kama ushairi na uchoraji. Mwandishi hutumia brashi na wino, na mchoro ukishatua karatasini haurekebishwi. Kazi maarufu kuliko zote za bingwa wao, Wang Xizhi, ni ya mwaka 353. Ile ya asili imepotea, na dunia inaijua kupitia mikono ya wanakili.

Maandishi ya Kichina yalifika hata karibu na nyumbani kwa Kijuma. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kupata sarafu ya enzi ya Mfalme Yongle, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 15, katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu. Manda ndiko baadhi ya wanahistoria wanakodhani kuwa Mbwaa, kisiwa ambacho wazee wa Meru husimulia kuwa mababu zao walitoka.

Umaarufu wa Kijuma uliwavuta wataalamu wa Ulaya. Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann walipata kwake tenzi na maelezo mengi. Hati alizoandika zikavuka bahari, na leo nyingi zimehifadhiwa London na Ujerumani.

Safari hiyo ina faida na hasara. Pwani, karatasi huliwa na mchwa na kuozeshwa na unyevu. Huenda hati hizo zisingedumu zaidi ya kizazi kimoja au viwili. Lakini kijana wa Lamu anayetaka kuuona mwandiko wa babu yake kwa macho yake hana budi kuufuata ugenini.

Wakati Kijuma akiendelea kunakili, shule za kikoloni zilikuwa zikieneza herufi za Kilatini, na kitabu cha mashine kikachukua nafasi ya mnakili. Kijuma alifariki mwaka 1945.

Mji mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na milango yake ya nakshi hupigwa picha na wageni kila siku. Sanaa ya kalamu iliyokua pamoja na milango hiyo haina bahati kama hiyo. Inahitaji vijana watakaofundishwa kuisoma kabla hawajaisha wazee wanaoifahamu.