Fritz de Quervain, daktari wa kidole gumba kinachouma

Ukishinda Maua ukifunga vibunda vya miraa, au Embu ukichuma majani chai, halafu usiku kucha kidole gumba kiko kwenye simu, kuna mtu unafaa kumjua.

Fritz de Quervain alizaliwa mjini Sion, Uswisi, mwaka wa 1868. Baada ya kusomea udaktari Bern, alienda kufanya kazi La Chaux-de-Fonds, mji wa mafundi wa saa. Mwaka wa 1895 aliandika kuhusu wagonjwa watano waliolia na maumivu ya mkono, upande wa kidole gumba.

Hebu nyoosha kidole hicho. Unaona kano zinavyochomoza? Mbili kati yake hupita pamoja ndani ya ala nyembamba kwenye kifundo cha mkono. Ukirudia kazi ileile mno, ala hunenepa na kuzibana. Hata kushika kikombe huuma. De Quervain aliipasua ala, kano zikapata nafasi.

Mwaka wa 1918 alichukua nafasi ya mwalimu wake, Theodor Kocher, huko Bern. Pia alipigania chumvi yenye madini ya joto ili kuzuia rovu. Alifariki mwaka wa 1940, lakini ugonjwa huo bado unaitwa kwa jina lake.

Basi mkono ukiuma hivyo, usijikaze tu. Upumzishe, na uchungu usipoisha nenda hospitali mapema. Wengi hupona bila kisu, na mkono ndio unaokulisha.