Makengeza ya mtoto na somo la Donald Hebb

Kama mwanao ana makengeza na umeambiwa yataisha yenyewe akikua, habari za mtu huyu zinakuhusu.

Donald Hebb alizaliwa mwaka 1904 Nova Scotia, nchini Canada. Wazazi wake wote wawili walikuwa madaktari, lakini yeye alitamani kuandika riwaya. Haikuwa hivyo, akawa mwalimu wa shule. Alipokuwa kijana, kifua kikuu cha nyonga kilimlaza kitandani karibu mwaka mzima (ndiyo, TB hushika hata mifupa), naye akautumia muda huo kuandika tasnifu. Baadaye alisoma Harvard, kisha akafanya kazi Montreal na daktari wa upasuaji wa ubongo, Wilder Penfield.

Hebb alivutiwa na habari za watu waliozaliwa na mtoto wa jicho wakafanyiwa upasuaji ukubwani. Mwanga waliuona, lakini maumbo ya kawaida yaliwashinda kuyatambua kwa macho. Katika kitabu chake cha mwaka 1949 alieleza kwamba seli moja ya neva ikishiriki mara kwa mara kuamsha nyingine, kiungo kati yao huimarika. Kwa hiyo kuona pia ni jambo la kujifunza.

Miaka ya 1960, David Hubel na Torsten Wiesel waliziba jicho moja la watoto wa paka. Lilipofunguliwa lilikuwa zima, ila seli nyingi za ubongo zilikuwa zimehamia upande wa jicho jingine. Hebb aliishi kuyaona hayo. Alifariki mwaka 1985.

Sasa mtazame mwanao. Macho yaliyonyooka hupeleka ubongoni habari zinazolingana kwa wakati mmoja, na yote mawili hubaki na nafasi yake. Yenye makengeza hupeleka habari tofauti, seli zao hugombania nafasi, na jicho moja linaweza kushindwa. Hilo ndilo jicho vivu. Tiba hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka 7 hivi, kwa miwani au kwa kuziba jicho linaloona vizuri.

Makengeza yakiendelea baada ya miezi 4 ya umri, mpeleke kwa daktari wa macho. Ukiona weupe kwenye mboni, nenda mara moja. Ila usimzibe jicho kwa uamuzi wako nyumbani. Saa za kuziba hupangwa na daktari, kwani likizibwa kupita kiasi, jicho zuri nalo linaweza kupoteza nafasi yake.